Mama wa ndizi juu ya Uluguru: kwa nini anaonekana amebandikwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina ofisi ndogo ya kutengeneza matangazo hapa Morogoro: kadi za michango, fulana, mabango ya saluni, kalenda za vikoba. Kazi ipo, namshukuru Mungu, ila yote ni ya wateja. Sasa nimeanza kupiga picha zangu mwenyewe na kuziunganisha kwenye kompyuta. Ninayohangaika nayo ni ya mama muuza ndizi wa sokoni. Nimemkuza, amekaa juu ya milima ya Uluguru kama vile mlima ni kigoda chake. Kila ninayemwonyesha anasema, "Huyu umembandika." Mama nilimpiga mchana kwa simu, akiwa kwenye meza yake chini ya mwavuli, milima niliipiga jioni kwa kamera ya zamani yenye lenzi ya 50 mm. Je, ninunue kamera nyingine? Halafu kaka yangu ananicheka, anasema akili mnemba inatoa picha kama hiyo kwa dakika moja. Naomba ushauri wako. Nimeambatisha picha.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kamera usinunue. Hiyo uliyo nayo inatosha kwa kazi hii na nyingine nyingi zitakazofuata. Picha yako nimeifungua kwa ukubwa wake wote, na wazo lake nimelipenda: mama ametulia, kanga imeshuka hadi kwenye msitu, mkungu uko pembeni kama mtoto. Waliosema umembandika hawakukosea, ila dawa yake haiko kwenye kompyuta. Picha ya kuunganisha huanza kushindikana pale unapobonyeza kamera, kwa sababu vipande vyake vimepigwa bila kujuana. Wewe umekata vizuri, maski yako, ile inayoficha sehemu usizozitaka za kipande, ni safi kuliko za wengi wanaojiita mabingwa. Lakini mama ana jua lake na mlima una jua lake.

Tuanze na hilo jua. Uluguru iko kusini mwa mji. Ukisimama mjini ukaitazama, mashariki iko mkono wako wa kushoto na magharibi mkono wa kulia. Uliipiga jioni, kwa hiyo mwanga unaingia kutoka kulia, umelala chini, una rangi ya dhahabu, na kila mgongo wa mlima una kivuli upande wake wa kushoto. Mama naye umempiga adhuhuri. Mwanga unamtoka utosini. Tena si mwanga wa jua wenyewe, ni wa jua lililopita kwenye mwavuli mwekundu, ile miavuli ya matangazo ya kampuni za simu iliyojaa kila soko la nchi hii. Tazama mabega yake na paji la uso: wekundu. Tazama chini ya kidevu: kuna ukijani, kwa sababu mwanga umegonga ndizi mbichi ukamrudia. Macho yamezama kwenye vivuli viwili vyeusi. Mtazamaji hajui lolote kuhusu mambo haya, lakini ametembea chini ya jua tangu alipozaliwa, na jicho lake linakataa kabla hajapata neno la kukuambia. Ndiyo maana anasema tu "umembandika".

Rangi nyekundu ya mwavuli unaweza kuipunguza kwenye kompyuta. Mwelekeo wa mwanga huwezi kuubadilisha. Wapo wanaojaribu kuchora vivuli upya usoni kwa brashi, wanamaliza wiki nzima, na mwisho mama wa watu anafanana na sanamu ya mpingo. Rudi sokoni ukampige upya.

Nenda siku yenye hali ya hewa kama ile ya picha ya mlima, saa kumi na moja na nusu hivi jioni, wakati anafunga biashara. Mtoe chini ya mwavuli. Mkalishe ili jua limjie kutoka upande wa kulia wa picha, kama linavyoujia mlima. Huna haja ya vifaa: ukuta uliopakwa chokaa ukiwa upande wake wa kushoto utarudisha mwanga kidogo kwenye shavu lililo gizani, na kama hakuna ukuta, kipande cha fleksi nyeupe kutoka ofisini kwako kinafanya kazi hiyohiyo. Jihadhari tu na udongo mwekundu, maana nao hurudisha rangi yake kwenye kidevu na viganja. Na usichelewe. Huku kwetu jua likianza kushuka halisubiri mtu. Ule mwanga mzuri hauchukui muda mrefu.

Kama ungependa picha ya mchana, inawezekana pia, ila angalia mwezi. Mwezi wa sita jua la adhuhuri linapita kaskazini mwetu, yaani ukiwa mjini unaitazama milima, jua liko nyuma yako na miteremko inaonekana yote. Mwezi wa kumi na mbili linahamia upande wa kusini, upande wa mlima wenyewe, na miteremko hiyohiyo inakuwa bapa na yenye kiza. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita linakuwa karibu wima kabisa juu ya utosi. Siku hizo fanya kazi za wateja.

Jambo la pili ni urefu wa kamera, na hapa ndipo picha yako ilipopoteza ukubwa wake. Mama alikuwa amekaa, wewe ulikuwa umesimama, ukainamisha simu. Tunaona juu ya kilemba chake na mapaja kutokea juu. Sasa mtu aliyekaa juu ya mlima, sisi tuliobaki chini mjini tungemwonaje? Tungeona kwanza nyayo, halafu magoti, halafu kidevu, na nyuma ya kichwa chake ingekuwa mbingu. Ukimpiga kutokea juu, hata umkuze mara mia, atabaki mama aliyekaa kwenye kigoda na mlima utageuka kichuguu. Mpandishe kwenye meza au ukingo wa baraza, wewe chuchumaa, kamera iwe chini ya usawa wa magoti yake. Hapo atakuwa jitu hata kabla hujafungua kompyuta.

Tumia lenzi ileile kwa vyote viwili. Lenzi kuu ya simu inaona pana, kwa hiyo ulilazimika kumsogelea, na ukimsogelea mtu namna hiyo magoti yanakuwa makubwa na kichwa kinakuwa kidogo. Kamera nyingi za zamani za bei ya kawaida zina kihisi kidogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, na 50 mm juu yake inaona wembamba kama 75 au 80 mm ya filamu. Rudi nyuma hatua kadhaa na 50 mm yako, umbo lake litatulia.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana najua ndiko unakotaka kufika.

Chukua kile kidude cha kupima rangi, uguse sehemu nyeusi kuliko zote kwenye msitu wa mlimani. Utaona si nyeusi. Ni kijivu chenye ubluu, kwa sababu kati yako na ule msitu kuna kilomita kadhaa za hewa, moshi wa majiko na unyevu. Gusa sasa weusi wa kanga ya mama: sifuri, sifuri, sifuri, yaani weusi mtupu. Kama kweli amekaa kule juu, naye yuko nyuma ya hewa hiyohiyo. Fungua Curves, ule mstari wa kupandisha na kushusha mwanga, inua ncha ya chini ya mstari hadi weusi wake ulingane na wa msitu, kisha ingia kwenye chaneli ya bluu uinue kidogo zaidi. Hapo ruhusu uongo. Ukifuata hesabu ya hewa kwa ukamilifu, mama atafifia na uso utapotea, na picha ni yake, si ya mlima. Mimi ningelinganisha kabisa pindo la kanga na miguu, halafu ningepunguza athari hiyo taratibu kwa maski hadi usoni. Jicho linasamehe uso uliong'aa. Miguu iliyong'aa haliisamehe.

Halafu mahali anapokaa. Kitu chochote kikikalia kingine kinatoa vivuli viwili. Kimoja ni chembamba na kizito, pale kwenye mkunjo ambapo kanga inagusa mlima. Kingine ni kipana na laini, kinaanguka mbali na jua, kwako wewe ni upande wa kushoto. Wewe umeweka hicho cha pili tu, tena kwa rangi nyeusi tupu, ndiyo maana anaelea. Tengeneza kila kivuli kwenye leya yake, yaani tabaka lake, modi ya Multiply inayotia giza kilicho chini, na rangi yake uichukue kutoka kwenye vivuli vya mabonde ya mlima wenyewe. Kisha fanya kitu ambacho watu wengi hawakifikirii: nakili miti michache ya mlimani uirudishe juu ya pindo la kanga, kwa maski isiyo nyoofu. Mlima ukimfunika mama kidogo, na mama akaufunika mlima, akili ya mtazamaji inakubali kwamba wako mahali pamoja.

Kuna mstari mwembamba mweupe unaomzunguka mama, na huo si kosa la maski yako. Simu huzidisha ukali wa picha yenyewe bila kukuuliza, na kila ukingo unapata mwanga wa uongo. Ukimpiga upya kwa kamera, weka faili ghafi, ile wanayoiita RAW. Jipegi, faili la kawaida la picha, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 12 ina ngazi 4,096. Tofauti hiyo utaiona siku utakapovuta giza la mlimani likakataa kuvutika. Mwisho wa yote, tandaza chenga nyepesi, vile vidoti vidogo vya picha, za aina moja juu ya picha nzima, mama na mlima pamoja. Kipande laini karibu na kipande chenye chenga ni ushahidi mwingine wa mkasi.

Kujikagua, weka juu kabisa leya ya kuondoa rangi, ubaki na nyeusi na nyeupe. Kama mama anaruka mbele ya macho, mwanga haujalingana. Izime, weka leya ya kuzidisha rangi kupita kiasi: wekundu wa mwavuli uliojificha utapiga kelele wenyewe. Geuza picha kushoto kulia uitazame kama mgeni. Halafu ilale, usiitume kwa mtu usiku ule ule.

Naomba pia niseme kuhusu uso wake, kwa kuwa nimeona mkono wa kadi za harusi umepita hapo. Umemng'arisha. Kwenye kadi bibi harusi anataka hivyo na analipa, sawa. Huyu mama ana ngozi nyeusi yenye kung'aa kwenye mifupa ya mashavu, na kung'aa huko ndiko kunakotuonyesha umbo la uso. Ukiinua giza lote kwa mpigo unapata uso wa kijivu usio na mifupa. Acha giza liwe giza. Kama unataka kumwinua, inua yale maeneo yanayong'aa tu, kidogo sana, kwa brashi laini. Mikunjo ya macho usiiguse. Miaka aliyokaa sokoni imeandikwa pale, na ndiyo sababu ulimchagua yeye ukawaacha wengine.

Kaka yako sasa. Mwambie kwamba watu walikuwa wanaunganisha picha kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, msanii aliyeishi Uingereza, alitengeneza picha moja kubwa kutokana na negativu zaidi ya 30. Alipanga kila kundi la watu, akawapiga mbalimbali kwa kuangalia nafasi watakayokaa kwenye picha nzima. Kazi ilikuwa imekwisha kichwani kabla ya kuanza kwenye chumba cha giza cha kuchapia picha. Na huhitaji kwenda Uingereza: Lamu, kuanzia miaka ya 1960, Bakor Studio ya Omar Said Bakor ilikuwa inatoa picha za kuunganisha kwa mkasi na chumba cha giza, vichwa vya watu vikichomoza ndani ya maua. Alijifunza mwenyewe, na wateja walikuwa wakitoka na picha ambazo hakuna lenzi iliyowahi kuziona. Ubandikaji wake haukujificha hata kidogo, na hiyo ndiyo raha yake. Nakutajia kwa sababu njia hiyo nayo iko wazi kwako. Ukiamua mama aonekane amekatwa kwa mkasi, mkate kwa mkasi kweli, kingo zionekane, rangi zigombane, na hakuna atakayekulaumu. Kinachokera ni picha inayotaka kuaminiwa halafu haijitahidi.

Akili mnemba nimeitumia na nitaendelea kuitumia, hasa kufuta nyaya za umeme na nguzo zilizopita katikati ya mlima. Lakini mashine ukiiomba mama muuza ndizi, inakupa mama ambaye hajawahi kuuza ndizi. Kilemba kimefungwa kwa namna ambayo hakuna anayefunga, kanga haina pindo wala jina, na mlima ni mlima wa popote. Watu wa Morogoro watajua mara moja. Kwa tangazo la soda huenda isijalishe. Kwa kazi uliyoianza kwa hiari yako, ukiwa hulipwi na mtu, sioni kwa nini umpe mashine sehemu tamu.

Sasa usiishie kwenye picha moja. Picha moja ya namna hii watu wanaiita ujanja. Zikifika nane au kumi zenye kanuni moja, wanaanza kuuliza zinasema nini. Kanuni yako tayari unayo, labda hujaiona: mtu anayefanya kazi ndogo mjini anakalia kitu kikubwa cha mji wake. Mama wa ndizi na Uluguru. Fundi baiskeli na bwawa la Mindu. Mpiga debe na stendi ya Msamvu. Mkata mkonge na mistari ile mirefu ya mashamba. Jifunge humo. Mwanga wa jioni tu, lenzi moja tu, kamera chini ya magoti. Kila kanuni unayojiwekea inakupunguzia maamuzi, na vipande vitaanza kufanana bila wewe kuvilazimisha.

Watazame jirani zetu wa Kenya. Osborne Macharia alisomea usanifu majengo, upigaji picha akajifunza mwenyewe, na kilichomtambulisha duniani ni kazi alizozitunga kama hadithi, mfano Kipipiri 4, yenye wanawake wa kubuniwa wa enzi za Mau Mau na nywele zao za ajabu. Thandiwe Muriu naye, katika mfululizo wake wa Camo, anamvalisha mtu kitambaa kilekile kilichotandazwa nyuma yake hadi mwili unazama kwenye maua ya kitambaa, na miwani anaitengeneza kwa vitu vya nyumbani. Ukizitazama mara ya kwanza unadhani ni kompyuta. Kumbe sehemu kubwa ya ujanja iko kwa fundi cherehani.

Programu: kama unayotumia ni ile ya kuibia, iliyoletwa kwenye flashi na rafiki, fikiria kuhama. GIMP ni ya bure, na toleo la 3.0 la mwaka 2025 limeleta vichujio ambavyo unaweza kuvirudia na kuvibadilisha baadaye bila kuharibu picha ya chini. Faili ghafi zifungue kwa darktable, nayo ya bure. Nakala za faili ziweke kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Umeme wetu unaujua.

Kuhusu ruhusa sitakuficha. Mama huyo umemwomba? Simaanishi kumwambia "mama cheka kidogo". Namaanisha kumweleza kwamba utamweka juu ya mlima na kuionyesha dunia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kenya wameshaanza kutoza: Septemba 2023 kamishna wao wa data aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na mgahawa mmoja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Nenda na karatasi fupi ya Kiswahili, msomee, asaini au aweke dole gumba mbele ya jirani yake wa meza. Eleza wazi kwamba ni kazi ya sanaa, na siku mteja akiitaka kwa bango la benki utarudi kwake kwanza mzungumze fedha. Na mpelekee picha iliyochapwa, kabla hujaiweka popote. Sokoni habari husafiri. Ukimheshimu huyu, wengine watakuja wenyewe kukuuliza zamu yao lini.

Kwenye kuchapa una bahati, maana mashine unazifahamu. Kamera ya pikseli milioni 12 inakupa takriban 4,000 kwa 3,000, yaani A3 kwa nukta 240 hivi kwa inchi, na hiyo ni safi kabisa kwa ukutani. Usichape kwenye fleksi ya bango. Ile bluu ya hewa ya mlimani itageuka zambarau na weusi utavimba. Tafuta karatasi isiyong'aa, chapa kwanza kipande cha upana wa kiganja chenye uso wa mama na kipande cha mlima pamoja, kitazame nje kwenye mwanga wa mchana, urekebishe, ndipo uchape kubwa. Ukienda studio ya picha ya kawaida, wape faili ya sRGB, yaani rangi za skrini, usiwape CMYK, rangi za wino wa kiwandani, na uitume kama faili la kawaida, kwa sababu WhatsApp ukiituma kama picha inaisaga. Tena mwambie kijana wa mashine azime yale marekebisho yake ya kung'arisha nyuso, kwa kuwa huwa yamewashwa muda wote na hakuna atakayekuambia.

Zikifika nne au tano nitumie tena nizione. Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, ni mahali pa kuzipeleka zikikamilika, lakini kabla ya huko mwombe mwenye banda la chai hapo sokoni akupe ukuta wake kwa wiki moja.